Gari la Nyuzi za Kioo

Katika maonyesho ya magari yanayofanyika California majira ya kiangazi, kuna ada moja ambayo mgeni huidhania utani na wenyeji huijua kuwa ni mtihani. Mzee mmoja, mikono ameifumba nyuma, hulizunguka gari jekundu linalong'ara kama punje ya komamanga, akalitazama mbele na nyuma, kisha akainama na kulibishia hodi ubavuni kwa kifundo cha kidole. Bati la chuma huitika kwa mlio mkali wenye mwangwi. Bodi la nyuzi za kioo huitika kwa sauti fupi iliyofifia, mithili ya mtu ajibuye kutoka chumba kilichotandikwa mazulia. Mzee akishaisikia sauti hiyo hana haja ya kuuliza: amekwisha kujua kwamba gari lile, ijapokuwa wajihi wake ni wa mwaka 1932, halikutoka katika kiwanda chochote cha mwaka huo, bali limeundwa na mtu bandani mwake, usiku baada ya kazi na siku za mapumziko, kwa resini, kwa nyuzi za kioo, na kwa subira ya miaka.

Gari la aina hiyo Wamarekani huliita hotirodi. Ni gari la kale, au lenye sura ya kale, lililovuliwa kila uzito usiosaidia mwendo, likatiwa injini yenye nguvu kupita ile iliyozaliwa nayo, likashushwa karibu na ardhi, kisha likapakwa rangi ambayo mwenyewe huichagua kwa makini kama achaguavyo jina la mtoto. Aghalabu mtazamaji huishia kwenye rangi hiyo. Walakini wahenga wetu wa pwani, waliozoea kuona majahazi yakishushwa majini, walituachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa, na neno hilo, lililosemwa kwa ajili ya vyombo vya mbao, lafaa mno kuwa mlango wa habari hii, kwa kuwa katika hirfa ya hotirodi sehemu kubwa ya uundaji, na ile iliyo bora, ni ile ambayo jicho la mpita njia halitaifikia kamwe.

Asili ya hirfa hii yapasa kutafutwa kusini mwa California, kati ya vile vita viwili vikuu. Henry Ford alikuwa amekwisha kuijaza Marekani gari lake la Model T, ambalo tangu 1908 hata 1927 yaliundwa zaidi ya milioni 15, na mnamo 1932 akafanya jambo lililowashangaza washindani wake: akatia katika gari la mtu wa kawaida injini ya silinda nane zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V, yenye nguvu za farasi 65, na bei ya gari hilo ikaanzia chini ya dola 500, ilhali injini ya silinda nane hadi wakati huo ilikuwa anasa ya matajiri. Miaka michache haikupita, magari hayo yakawa yauzwa mkono wa pili kwa fedha kidogo. Na vijana wa Los Angeles, ambao ukata wa miaka ile uliwafunza kuthamini kila parafujo, wakayanunua, wakayang'oa madigadi, boneti, paa na hata kioo cha mbele, na siku za mapumziko wakayapeleka katika jangwa la Mojave, kwenye ziwa kavu la Muroc, ambako udongo umekauka ukawa tambarare kama sakafu iliyopigwa chokaa, ili ijulikane nani mwenye mbio kuliko mwenziwe.

Mchezo usio na mwamuzi huzaa fujo na maziko, na kwa sababu hiyo mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda Southern California Timing Association, chama cha kupima mwendo kwa saa na kwa sheria. Vita vya Pili vilipokwisha wakarejea askari waliofundishwa jeshini kutengeneza injini za ndege na vifaru, wenye ujuzi mikononi na akiba mfukoni, na mchezo ukashamiri: mwezi wa Januari 1948 Robert Petersen akaanzisha jarida la Hot Rod mjini Los Angeles, na mwaka 1949 chama kile kikafanya mbio zake katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah, ambao weupe wake wakati wa adhuhuri humlazimisha mtu kufumba macho.

Hata hivyo, bodi la mwaka 1932 halizai. Kila lililoliwa na kutu, kila lililobondwa barabarani, kila lililoyeyushwa ili chuma chake kikafanye silaha, lilipunguza idadi isiyoongezeka, wakati wapenzi wake walizidi mwaka hata mwaka. Ilikuwa lazima ipatikane mada nyingine ya kufanyia bodi, ambayo mtu asiye na mashine ya kiwanda, wala nyundo kubwa ya kukandamiza mabati, aweza kuifinyanga kwa mikono yake. Na mada hiyo ilikuwa imekwisha kuzaliwa katika jimbo la Ohio, ambako katika miaka ya 1930 mafundi wa vioo walijifunza kukivuta kioo kilichoyeyuka kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Makampuni mawili ya vioo yaliunda kwa pamoja kampuni ya Owens-Corning mwaka 1938 kwa ajili ya biashara ya nyuzi hizo. Vita vikazitia katika sehemu za ndege. Na amani iliporudi, wa kwanza kuzishika kwa shauku walikuwa waunda boti. Hapo msomaji wa pwani atatabasamu, kwani ndivyo ilivyokuwa: Bill Tritt, muunda boti wa California, ni miongoni mwa watu waliolihamisha somo la majini likaja barabarani, akafanya mabodi ya magari mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mada ile ile aliyofanyia boti zake.

Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ikatoa gari lake la Corvette, lenye bodi la faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa resini. Mwaka huo wa kwanza yaliundwa 300 tu, yote meupe. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba mada hii ni ya mashua na midoli. Naye Ed Roth, aliyezaliwa mwaka 1932, mwaka ule ule wa injini ya Ford, alichukua hatua ya mbali zaidi: badala ya kuiga bodi la zamani, alifinyanga umbo lake mwenyewe kwa plasta, akalivisha nyuzi za kioo na resini, na mwaka 1959 likatoka gari aliloliita Outlaw, lisilofanana na gari la kiwanda chochote duniani. Funzo lake liliwaingia wengi: mtu mmoja, katika nafasi ndogo, kwa ndoo, brashi na ubunifu, aweza kuzaa gari ambalo halikuwapo.

Mada yenyewe ni nini? Atakayetaka kuielewa bila vitabu vya kemia na aikumbuke nyumba ya udongo. Fito peke yake ni kizimba ambacho upepo hupita. Udongo peke yake hupasuka na kumomonyoka. Lakini udongo ukishaingia baina ya fito, ukazishika nazo zikaushika, husimama ukuta utakaowahifadhi watoto na wajukuu. Katika faibaglasi nyuzi ndizo fito, nazo huhimili mvuto, na resini ndiyo udongo, ambayo huzishika nyuzi mahali pake na kuupitisha mzigo kutoka uzi hata uzi. Nyuzi hizo huuzwa katika sura nyingi, ila ile ambayo muunda wa nyumbani huitumia zaidi ni mkeka wa nyuzi fupi zilizotupwa ovyo kila upande, na mkeka wa kawaida una uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kwa kila kilo moja ya mkeka hutakiwa takribani kilo mbili na nusu za resini. Ikipungua, nyuzi hubaki kavu na bodi huwa dhaifu. Ikizidi, bodi huwa zito na lenye kuvunjika kama biskuti, na wanafunzi wengi huangukia kosa hili la pili kwa kuwa wanaona ukarimu hauwezi kudhuru.

Mtu aweza kununua bodi lililo tayari, na wengi hufanya hivyo, kwa maana wako mafundi ambao kazi yao ni kufyatua mabodi ya mtindo wa 1932, au yale madogo ya mtindo wa Model T ambayo Wamarekani huyaita ndoo, nayo yalipata umaarufu mkubwa pale gari la Norm Grabowski lilipoonekana katika tamthilia ya televisheni ya 77 Sunset Strip iliyoanza mwaka 1958. Anayetaka kulifanya mwenyewe hana budi kuanza na kalibu. Ikiwa anaiga, hupata bodi la chuma lililo zima, akalinyoosha mabonde yake yote, akalipaka nta tabaka baada ya tabaka na kulisugua, kisha akalivisha faibaglasi nene kwa nje. Ikishaganda huibandua, na ile ngozi iliyobanduliwa ndiyo kalibu, ambayo ndani yake imechukua sura ya gari zima kinyume, kama alama ya mguu katika mchanga uliolowa. Kalibu ya gari haiwezi kuwa kipande kimoja, maana bodi lenye mapindo haliwezi kuchomoka humo. Hufanywa vipande kadhaa vyenye kingo, vikaungwa kwa parafujo na kufunguliwa wakati wa kulitoa bodi.

Hapa ndipo kazi hii inapomgeuzia mtu mazoea yake yote. Seremala huanza na kiunzi akamaliza kwa kung'arisha. Mwashi huanza na msingi akamaliza kwa chokaa. Huyu wa nyuzi za kioo huanza na uso. Tabaka la kwanza kuingia katika kalibu, nene kadiri ya nusu milimita tu, ni koti la resini tupu yenye rangi, ambalo litakuwa ngozi ya nje ya gari. Na mara likishaanza kushika hufunikwa kwa mkeka na resini, kisha mkeka mwingine, na mwingine, hata unene ufike milimita tatu au nne, na zaidi penye bawaba na pembe. Tangu dakika ile ya kwanza, fundi hauoni tena uso wa kazi yake. Hufanya kazi mgongoni mwake, siku nzima, akiamini tu kwamba alichokiacha chini ni kizima. Kila vumbi alilolidharau, kila kipovu cha hewa ambacho hakukitoa kwa roda ndogo, kila doa la nta lililosahauliwa, limeandikwa mahali ambapo hataliona mpaka siku ya kufungua. Na ikiwa kosa limo katika kalibu yenyewe, litarithiwa na kila bodi litakalotoka humo, kama ukoo unavyorithi pua.

Resini haingoji. Ili igande hutiwa kigandishi, nacho ni kidogo mno, asilimia moja hadi mbili ya uzito wake, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Na tangu kinapoingia, fundi ana dakika kama 15 au 20 kwa hali ya hewa ya wastani, chache zaidi siku ya joto, kabla mchanganyiko haujawa kama ugali na kisha kama jiwe. Ndiyo maana mweledi huchanganya kidogo kidogo, na huwa amekwisha kukata mikeka yake yote na kuipanga kwa zamu kabla hajagusa kopo la kigandishi. Katika kuganda hutoka joto, na masalio yaliyoachwa yamejaa ndani ya ndoo huweza kufuka moshi hata kuwaka, jambo ambalo limekwisha kuunguza mabanda ya watu waliodhani kazi yao imekwisha na wakaenda kunywa chai.

Mintarafu ya hatari, heri kusema waziwazi kuliko kumwachia msomaji ajifunze kwa majeraha. Mvuke wa resini huumiza kichwa na mapafu, kwa hiyo banda liwe na hewa ipitayo, na fundi avae kinyago chenye kichujio cha mvuke, maana kitambaa cha pua hakizuii kitu. Vumbi la kusugua nyuzi za kioo huwasha ngozi kama upupu na haliwafai wavutao pumzi. Kigandishi kikiingia jichoni chaweza kumpofusha mtu, basi miwani ya kazi isivuliwe. Tena kisichanganywe abadani moja kwa moja na dawa ya kuharakisha, ambayo aghalabu huwa imekwisha kutiwa ndani ya resini huko kiwandani, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana peke yao hulipuka. Mtu atakayesoma aya hii akaona kwamba si kazi yake, naanunue bodi lililo tayari wala asione haya.

Ama chasisi, hiyo ndiyo mkuku wa chombo. Umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika Ford ya 1932 ulikuwa inchi 106, yaani karibu sentimita 269, na muunda wa leo huufuata kwa sababu bodi limechongwa kwa kipimo hicho. Wengi hununua chasisi mpya. Wengine huiunga wenyewe kwa mihimili ya chuma yenye uwazi ndani, upana inchi 2 na kina inchi 4, juu ya meza iliyosawazishwa kwa pimamaji. Kabla ya kulehemu moja kwa moja hushikiza kwa vidoto vidogo vya moto, kisha hupima mshazari kutoka pembe hata pembe, kulia na kushoto, kwa maana vipimo viwili hivyo vikitofautiana, chasisi imekwenda upande, na gari litakwenda kama kaa maisha yake yote. Asiyekuwa na mkono wa kulehemu uliothibitishwa huishia kwenye vidoto, akaipeleka kazi kwa aliyesomea.

Mbele huwekwa ekseli ya kipande kimoja ambayo ncha zake zimepandishwa ili gari likae chini, na juu yake springi moja ya mabamba iliyolazwa kutoka upande hata upande, kama Henry Ford mwenyewe alivyopenda. Ekseli hiyo huinamishwa kidogo kuelekea nyuma, digrii tano hadi saba, ili magurudumu yapende kurudi katika mstari baada ya kona. Ikikosa mwinamo huo, usukani hutangatanga, na mwendo ukiongezeka magurudumu huanza kutetemeka kiasi cha kumtoa dereva jasho. Breki za fimbo za chuma za mwaka 1932 hazifai kwa nguvu za leo: huwekwa breki za mafuta zenye njia mbili zilizotengwa, ili moja ikivuja nyingine isimame badala yake. Hakuna pesa katika kazi hii iliyotumika vizuri kuliko ile iliyonunua breki, na hakuna mgeni wa maonyesho atakayezisifu.

Katika injini kuna kichekesho ambacho wenyewe wamekizoea hata hawakicheki tena: gari lenye uso wa Ford, mara nyingi, lina moyo wa Chevrolet. Sababu yake ni sahali. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa injini ya silinda nane iliyo ndogo kwa umbo na nyepesi, ya ujazo wa lita 4.3, ambayo baadaye ilikuzwa ikawa na lita 5.7, kampuni mama ikaendelea kuunda injini za ukoo huo hata mwaka 2011 ikasherehekea ya milioni 100. Kitu kilicho kingi namna hiyo vipuri vyake ni rahisi, na kila fundi wa mtaani anaijua tabia yake. Wako wanaolalamika kwamba kuiweka ndani ya Ford ni kumwoza binti katika nyumba ya mahasimu. Lakini ndoa hiyo imedumu miaka mingi kuliko malalamiko.

Inafika siku ya kulikalisha bodi juu ya chasisi, na hapo haraka ndiyo adui. Bodi lililotoka kwenye kalibu juzi bado ni bichi: laendelea kuganda na kunywea kwa majuma, na likiachwa limeegemezwa ovyo ukutani litapinda, likazoea pindo lake. Kwa hiyo hufungwa mataruma ya chuma kwa ndani, kama yale yanayoushika mwili wa jahazi, na milango huning'inizwa kwenye chuma hicho, kwani bawaba iliyofungwa kwenye faibaglasi tupu hulegea kabla rangi haijachuja. Kati ya bodi na chasisi hupachikwa vipande vya mpira, vingine vinene vingine vyembamba, na fundi hukaa siku nyingi akiongeza hapa na kupunguza pale mpaka nafasi baina ya mlango na bodi iwe sawa kutoka juu hadi chini. Mikanda ya usalama haifungwi katika faibaglasi kwa hali yoyote. Hufungwa kwenye chuma kilichoungana na chasisi, maana siku ya ajali bodi litaachia, na mkanda uliofungwa humo utaondoka pamoja nalo.

Jambo jingine huwapata hata mafundi wa umeme wenye uzoefu. Katika gari la bati, waya mmoja huleta umeme kwenye taa, na bati lenyewe huurudisha kwenye betri. Faibaglasi haipitishi umeme. Mtu akisahau hilo atafunga taa zote, atawasha swichi, na giza litamkodolea macho. Hana budi kuiongezea kila taa waya wa pili wa kurudi kwenye chasisi. Hata wahandisi wa Corvette walikutana na desturi hizi za mada mpya: kwa kuwa bodi halikuweza kuukinga mlio wa cheche za plagi usiingie redioni, iliwalazimu kuuvisha mfumo wa kuwashia injini ngao ya chuma, lakini kwa kuwa bodi hilo hilo halikuzuia mawimbi, waliweza kuificha antena ndani ya kifuniko cha buti, isionekane na mtu.

Rangi huja mwisho, na ndiyo inayowashinda subira wengi waliovumilia yote yaliyotangulia. Bodi hutolewa juani, likachomwa na joto siku nyingi, ili liishe kunywea; aliyepaka mapema ataona, baada ya kiangazi kimoja, nyuzi za mkeka zikijichora juu ya rangi yake nyeusi kama mishipa kwenye mkono wa mzee, nayo rangi nyeusi hufichua zaidi kwa kuwa hunywa jua. Kisha huja puti na msasa: ubao mrefu uliobandikwa msasa husukumwa mshazari huku na huku, juu ya vumbi jeusi lililopulizwa makusudi ili mabonde yabaki na weusi na vilima vibaki vyeupe, na hayo hurudiwa, kwa msasa mkali kisha laini, mpaka kiganja kikipitishwa macho yakiwa yamefumbwa hakikuti habari yoyote.

Baada ya kazi yote hiyo bado limebaki swali ambalo wapenzi wa hotirodi hulibishania kila wakutanapo: je, gari hili ni la kweli? Wapenzi wa chuma husema hapana. Kwao lisilo na bati la kiwanda cha Ford ni kinyago cha gari. Wapenzi wa nyuzi za kioo hujibu kwamba vijana wa Muroc hawakuwa walinzi wa makumbusho, walikuwa watu waliochukua kilicho rahisi na chepesi wakakifanya kiende mbio, na kwamba hakuna kilicho chepesi na rahisi kama bodi hili. Sheria ya California, ambayo haina muda wa falsafa, imepita katikati: kila mwaka hutoa vyeti 500 kwa magari yaliyoundwa na watu binafsi, na mwenye cheti gari lake laweza kupimwa moshi kwa kanuni za mwaka ule ambao bodi lake au injini yake inafanana nao. Gari lililoundwa jana hupewa umri kwa kutazamwa uso.

Sisi wa upande huu wa bahari hatuna haja ya kuliona jambo hili kuwa ajabu ya wageni. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam hupokea lori lisilo na mwili, injini na chasisi tupu, wakaliundia bodi la basi kwa mihimili na mabati, na pua zake na bampa zake mara nyingi ni za faibaglasi iliyomiminwa katika kalibu walizofanya wenyewe. Tofauti ni kwamba basi letu huundwa lipate kulisha nyumba, na hotirodi huundwa na mtu ambaye nyumba yake imekwisha kula. Lakini mkono unaopitisha roda juu ya mkeka ni mkono ule ule, na uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti, huwadanganya watazamaji wa pande zote mbili.

Hatimaye gari hutoka. Kwa desturi safari ya kwanza ni fupi, mwendo wa kuzunguka mtaa, majirani wakitoka vibarazani kwa mlio wa injini, na dereva, ambaye uso wake hauwezi kuficha furaha, masikio yake hayako kwa majirani wala kwa injini: yanasikiliza sauti ndogondogo za chini, mgongano wa nati iliyolegea, mlio wa bomba linalogusa mhimili. Anaporudi, watoto wa mtaani hulizunguka gari lake wakijitazama katika rangi nyekundu, na mmoja hapana shaka atanyoosha kidole alibishie hodi. Yeye mwenyewe atakuwa amekwisha kutandika gunia sakafuni, ameshika spana, amelala chali chini ya gari, anakaza upya parafujo moja baada ya nyingine, kuanzia mbele.